Kwa Nini Nilipanga Kazi Siku ya Jumamosi

Wiki iliyopita nilikuwa kibarazani nachambua mchele, mkapita mbele ya nyumba yangu na majembe na machepe. Mlikuwa watu wa vitongoji vitatu, mmeitana kwa simu jana yake, mnakwenda kuziba korongo lililokata barabara ya zahanati. Mlinisalimia vizuri, "Shikamoo bibi," nami nikaitikia marahaba. Saa nne mlikuwa mnarudi mmelowa jasho, mnacheka, kazi imekwisha.

Niwaambie kweli, niliwaonea wivu hadi mchele ukanimwagika. Kazi ile ingenichukua miezi miwili ya kutembea kwa miguu kutoka boma hadi boma, ninyi mmeimaliza kabla wali wangu haujaiva. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yenu, ndiyo, lakini ilikuwa baada ya chakula.

Jioni alikuja Nyangi, binti aliyechukua nafasi yangu ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Akasema, "Bibi, tuandikie jinsi mlivyokuwa mnafanya umoja wa huku na umoja wa kule vishirikiane."

Nikamwambia, "Nitawaandikia nilivyofanya visishirikiane. Hiyo itawasaidia zaidi."

Alicheka, akadhani natania.

Kazi hii nilianzia Tarime, karibu na machimbo ya dhahabu, nikiwa nimetoka kusoma chuo cha Biblia miaka miwili na maendeleo ya jamii miaka miwili. Nilijiona nimekamilika. Mkutano wangu wa kwanza niliuandikia ajenda tisa. Watu walijaa, nikafurahi, nikaanza kwa heshima: "Naomba wenyeji wakae mbele." Mbele pakabaki patupu. Nikarudia kwa sauti. Mtu mmoja mrefu, Msukuma aliyekuja kuchimba, akanionea huruma. "Mama," akasema, "hapa mwenyeji ni dhahabu peke yake. Sisi wengine tumefika juzi." Jina lake Shija. Dhahabu haikumpenda, akaachana na mashimo, akajifunza uashi, na miaka mingi baadaye tulikutana tena Serengeti. Mtamwona huko mbele, maana nilimkosea.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mzee mpole aliyetembea na daftari dogo mfukoni. Humo aliandika siku za watu. Mnada wa kila kijiji uko lini. Nani anasali Jumamosi, nani Jumapili. Msimu gani vijana wanatahiriwa na hakuna atakayesikiliza habari nyingine. Alikuwa akiniambia, "Binti, wewe unapanga mkutano kwa kuangalia kalenda ya ofisini. Watu hawaishi humo." Alinifundisha pia kwamba ukifika kwenye baraza la wafugaji waache kwanza waongee habari za ng'ombe mpaka ziishe, kwa sababu ukiwakatiza watakupa mikono tu na si akili. Na kwamba muhtasari wa mkutano usomwe pale pale kabla watu hawajainuka. Ukienda kuuandika nyumbani, utaandika ulichotaka wewe. Yote hayo niliyashika. Nami nilikuwa na daftari langu. Kwa hiyo msije mkafikiri kwamba nitakayoyasimulia niliyafanya kwa kutojua.

Nilipohamishiwa Serengeti nilipewa kata moja upande wa Nyambureti. Wenzangu waliobaki Mugumu mjini walifungua bomba wakaoga maji ya bwawa la Manchira. Mimi niliteka chemchemini pamoja na wananchi wangu. Niliwaonea wivu wenzangu wale pia, lakini huo ulikuwa wivu mdogo, wa kawaida, unaisha ukilala. Wivu mkubwa ulikuwa unaningoja hapo hapo katani, na jina lake Robhi.

Chemchemi yenyewe ilikuwa katikati ya vitongoji viwili. Juu yake kitongoji cha Kilimani, wafugaji, umoja wao ukiongozwa na Mzee Wambura. Chini yake kitongoji cha Bondeni, wakulima wa mtama na mihogo, na umoja wao mwenyekiti wake ndiye huyo Robhi, mjane wa rika langu, aliyeishia darasa la saba. Ng'ombe wa Kilimani walishuka wakanywa na kukoroga, halafu wanawake wa Bondeni wakateka matope. Watoto waliharisha kila masika. Mwaka mmoja tuliwazika wawili katika wiki moja. Hilo ndilo lililokuwa mezani: maji safi kwa watu wote wa pale, na yasingepatikana bila zile nyumba za juu na za chini kukubaliana, kwa sababu jicho la chemchemi lilikuwa ardhi ya Kilimani na ndoo nyingi zilikuwa za Bondeni.

Nilihangaika na jambo hilo miaka. Nilikuwa na vyeti, nilikuwa na pikipiki ya serikali, ingawa iliwaka siku ilipotaka. Nikiitisha mkutano Bondeni saa tatu, saa tano wako watu saba na mbuzi. Siku moja nimehutubia hivyo mpaka koo limekauka, Robhi akapita na jembe begani. Akasimama. Akawaambia wale saba, "Hebu waiteni wengine." Hakuongeza neno. Nusu saa, uwanja umejaa, hata wanaume waliokuwa wamesema wanaumwa.

Akanigeukia kwa upole, "Endelea sasa, afisa wangu."

Hilo neno "wangu" lilinichoma kama kaa la moto. Alilisema kwa upendo, na ndiyo sababu lilichoma. Mimi nilikuwa nafunga na kuomba kabla ya kila mkutano. Nilijiuliza mbele za Mungu, mbona kipawa hiki amepewa huyu asiyekiomba?

Robhi ndiye aliyezungumza na Mzee Wambura, mimi nikabaki kuandika. Wale wawili walitumia utaratibu wa risaga, ile kazi ya kusaidiana ambapo leo wote tunalima kwako unatupa uji na chakula, kesho wote tunalima kwake. Walikubaliana hivi: Bondeni waje wasaidie kuweka uzio wa zizi la Kilimani la kunyunyizia ng'ombe dawa, kisha Kilimani washuke wasaidie kujenga chemchemi, na chini ya chemchemi ijengwe sehemu ya kunyweshea ng'ombe, mbali na ndoo. Wazo zuri, rahisi. Nilipolisikia niliumwa na kichwa, kwa kuwa halikuwa langu.

Uzio ukajengwa. Saruji na bomba vikapatikana kwa michango na kwa msaada wa halmashauri. Ikabaki siku ya kazi. Kamati ya vitongoji vyote viwili ikasema, "Afisa atatupangia."

Robhi na karibu nusu ya watu wa Bondeni walikuwa wanasali Jumamosi. Mimi nasali Jumapili. Imo kwenye daftari langu, niliiandika kwa mkono wangu. Nilimuuliza Shija, ambaye ndiye tuliyempa ufundi, ana nafasi lini. Akajibu, "Mama, mimi siku zote ni zangu. Nipangie tu."

Nikaandika barua: Jumamosi.

Mnaelewa nilichotaka. Nilitaka siku moja tu, siku moja katika miaka ile yote, watu wakusanyike, kazi ifanyike, na Robhi asiwepo.

Alhamisi akaja nyumbani kwangu. "Hodi, afisa wangu."

"Karibu, mwenyekiti."

Hakukaa. "Nimeona barua. Jumamosi?"

"Fundi ana nafasi siku hiyo tu."

"Shija?"

"Shija."

"Shija ambaye jana mchana nimemkuta amelala chini ya mkokoteni, mdomo wazi?"

"Alikuwa anapumzika. Ana kazi nyingi."

Alinitazama kidogo. Nami mzee wa kanisa nimesimama pale, uongo umenikauka mdomoni. Akasema, "Haya. Fanyeni. Sisi tutakuwa ibadani, tutawaombea. Ila mpe fundi ujumbe wangu. Maji yale yanatokea chini ya jiwe jeusi, usawa wa kifundo cha mguu. Bomba likae hapo hapo, au chini ya hapo. Asiyapandishe hata kidogo. Bibi yangu aliwahi kupanga mawe pale ili ajaze mtungi bila kuinama, maji yakahama msimu mzima."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Siwezi kusahau," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli.

Jumamosi watu wa Kilimani walishuka kwa wingi, na wa Bondeni waliobaki wakaja. Siwezi kuficha kwamba nilifurahi. Nilitembea huku na huku nimevaa kofia, naelekeza kokoto ziletwe hapa, udongo wa mfinyanzi ukandwe pale. Waliniita mama afisa na wakaenda nilikowatuma. Shija akachimba hadi kwenye jiwe jeusi, akainua kichwa.

"Mama, mimi nimezoea nyumba. Maji siyajui sana. Bomba nilitie wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini nikisema, "Robhi amesema chini," basi hata siku ile nayo inakuwa ya Robhi. Nikasema, "Lipandishe, Shija. Ndoo isimame chini yake, mtu asiiname."

"Kiasi gani?"

"Usawa wa paja."

Akajenga ukuta mzuri, umenyooka kama umechorwa. Maji yakajaa nyuma yake polepole, yakafika kwenye bomba, yakaruka nje meupe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaomba sala ya shukrani, ndefu, ndefu mno, hata Mzee Wambura akakohoa.

Sasa ninyi mnaofanya kazi hizi, sikilizeni jambo la ufundi. Maji ya chemchemi hayasukumwi na mashine. Yanakuja kwa nguvu yake ndogo, na yametokea pale kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi kutokea. Ukiyapandisha juu ya jicho lake, uzito wa maji uliyoyajaza nyuma ya ukuta unakuwa kizuizi, na yenyewe yanaanza kutafuta ardhini njia nyingine. Hayatakwambia. Mwanzoni utaona bomba linatoa vizuri, utasifiwa. Ndiyo maana kabla ya kujenga muulizeni mtu aliyeteka pale tangu utotoni, na mkishauliza mkajibiwa, mfikishieni fundi jibu lile lile.

Mahindi hayajatoa mbelewele, bomba likaanza kudondosha matone. Kisha likanyamaza. Maji yakaibuka mahali pengine, pembeni, katikati ya njia ya ng'ombe wa Kilimani, dimbwi la tope.

Bondeni wakasema Kilimani wameyaiba maji, wameyachimbia njia kwa chini. Kilimani wakasema Bondeni hawakuja siku ya kazi, walikaa kanisani kwao wakayaombea maji yafukuzwe. Ule uzio wa zizi ukakutwa asubuhi moja umeng'olewa nguzo nne. Vijana wakaanza kutembea na fimbo hata wanapokwenda dukani. Wanawake wa Bondeni wakarudi kuteka madimbwi, na watoto wakaanza tena kuharisha.

Likaitishwa ritongo, mkutano wa jamii nzima, ule ambao likiamuliwa jambo limeamuliwa. Mchana wa jua kali, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mimi kwenye kiti nilichopewa kwa heshima karibu na wazee.

Mzee Wambura alisimama. "Mimi nina swali moja dogo. Siku ya kazi, mwenyekiti wa Bondeni alikuwa wapi?"

Robhi akainuka. "Nilikuwa ibadani."

"Wewe umezaliwa unateka pale. Unaijua ile chemchemi kuliko fundi, kuliko afisa, kuliko mimi. Na siku hiyo hiyo hupo. Ulijua maji yatahama?"

"Nilijua yanaweza kuhama."

Watu wakaguna. Wambura akanyanyua mkono wanyamaze. "Ulijua. Ulimwambia nani?"

Robhi hakunitaja. Wala hakunitazama. Angenitazama, hata kwa kuiba, ningepata sababu ya kumkasirikia na labda ningebaki nimekaa. Lakini alitazama mbele tu, mikono yake ameifunga kwenye kitenge.

"Basi," Wambura akasema, "sisi Kilimani tunasema hivi. Huyu aache uenyekiti. Bondeni walete ng'ombe wawili kwa kazi waliyoiharibu. Na umoja huu wa pamoja ufe leo, kila mmoja atafute maji yake."

Vijana wa Bondeni walisimama wote kwa mara moja. Upande wa pili nao wakasimama. Nilisikia fimbo zikigongana, bado si kwa vita, ila kama zinazosalimiana.

Nilikuwa nimefundisha watu Neno miaka mingi. Nilijua kabisa natakiwa kufanya nini, na miguu haikunyanyuka. Nilikuwa nawaza kwamba Robhi akiondoka uenyekiti, njia yangu ni nyeupe. Naliandika hilo kwa sababu lilikuwemo. Halafu nikaona mkono wa mama mmoja wa Bondeni umeshika chupa ya maji ya tope, amempakata mtoto mlegevu, anamnywesha yale yale. Nikasimama.

"Aliniambia mimi," nikasema.

Sauti yangu haikufika mbali. Wambura akasema, "Ongeza sauti, mama afisa."

"Robhi aliniambia mimi, Alhamisi, nyumbani kwangu. Alisema bomba lisipandishwe. Sikumwambia fundi. Mimi ndiye niliyesema lipandishwe. Na ile Jumamosi niliichagua mimi, nikijua hatakuja. Nilisema fundi ana nafasi siku ile tu. Fundi alikuwa na nafasi siku zote."

Nyuma ya watu Shija akaruka. "Siku zote, mama! Hata leo ninayo! Wiki zote hizi watu wananiita Shija Mkausha-maji, watoto wananifuata wakiimba, kumbe ni wewe!"

Wengine wakacheka. Wambura hakucheka. "Kwa nini?"

"Kwa wivu."

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa chini amenyoosha miguu, akauliza, "Wivu wa mume? Huyu Robhi si mjane?"

"Wivu wa watu, bibi. Yeye akiwaita mnakuja. Mimi nikiwaita mnanitumia mbuzi."

Hapo walicheka wote, juu na chini, kicheko kirefu kilichonipita kichwani kama mvua ya mawe. Niliona fimbo zinashuka, watu wanajifuta macho. Sijawahi kuchekwa namna ile tena, na namshukuru Mungu kwa kila jino nililoliona.

Wambura akasubiri. "Na wale ng'ombe wawili, atalipa nani sasa?"

Robhi ndiye aliyejibu. "Ng'ombe gani? Afisa wangu hana hata kuku. Ana pikipiki mbovu. Tukabomoe ukuta Jumatano, hakuna mwenye ibada wala mnada. Nguzo zenu nne tutazirudisha Jumanne. Shija, unayo nafasi?"

"Ninayo, mwenyekiti!"

Jumatano walikuja wote, sikuona hata jembe moja lililobaki nyumbani. Shija aliuvunja ule ukuta wake mzuri kwa nyundo, na kila pigo alinitazama. Robhi akanivua viatu akaniingiza kwenye tope mpaka magotini, akaushika mkono wangu akausukuma chini ya jiwe jeusi. "Umesikia?" Niliyasikia, maji ya baridi yanasukuma vidole vyangu, kidogo sana, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Bomba likakaa hapo, usawa wa kifundo. Wanaoteka wanaliinamia mpaka leo, na hakuna aliyelalamika mgongo. Siku ya sita maji yakarudi. Sehemu ya ng'ombe ikajengwa chini yake, na lile dimbwi la njiani likakauka lenyewe.

Siku tuliyoikabidhi chemchemi nilikaa nyuma kabisa. Robhi akasimama mbele ya watu wote wa Kilimani na Bondeni akasema, "Afisa wangu alisema kweli siku ambayo uongo ungemfaa. Mpigieni makofi." Wakanipigia. Mzee Wambura alipiga amesimama. Makofi yale niliyatamani tangu siku ya kwanza nilipoingia kata ile, na yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kuyaota, na yalipigwa kwa sababu Robhi amewaambia wapige.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu, hata katika kusamehe amenishinda. Nilitaka nikosee tena kidogo nione kama atashindwa.

Robhi yu hai, amezeeka kama mimi, na bado akisema neno moja Bondeni watu wanatoka majumbani. Kila asubuhi nawaombea viongozi wa vitongoji vyote, na ninyi mliopita na majembe yenu wiki iliyopita mmo. Jina la Robhi ninalitaja la kwanza. Nikiliacha la mwisho, huwa ninapolifikia nimeshapata sababu ya kuliruka.